Majina Yalipotangulia Vigezo: Uchambuzi wa Kisa cha Kupunguza Wafanyakazi katika Kiwanda cha Vipuri vya Magari, Mombasa

Kisa hiki ni cha kiwanda cha vipuri vya magari kilichoko Mombasa upande wa bara, katika eneo la Changamwe, ambacho mwanzoni mwa 2024 kiliwaachisha kazi watu 38 kati ya takriban 140 waliokuwa kwenye orodha ya mishahara. Jina la kampuni limeachwa kwa makusudi, na baadhi ya tarakimu za ndani zimesogezwa ili wahusika wasitambulike, lakini mfuatano wa mambo ni ule nilioukuta kwenye majalada niliyopewa na pande zote mbili, kwa ridhaa yao, baada ya mgogoro kufika mbele ya msuluhishi.

Niuweke msimamo wangu wazi tangu sasa. Kampuni ilikuwa na sababu ya kweli ya kupunguza wafanyakazi, na yeyote aliyeziona hesabu zake za miaka miwili hangebisha. Kilichoiponza ni mpangilio wa hatua: majina yaliandikwa kabla ya vigezo, uamuzi ulifanywa kabla ya mashauriano, na kazi iliyodaiwa kuwa haipo tena ikaonekana ikifanywa na watu wengine wiki chache baada ya barua kutolewa.

Biashara ilivyodidimia

Kiwanda kilikuwa na idara tatu. Ya kwanza na kubwa zaidi ilitengeneza springi za malori na mabasi, zile za mapande ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine. Ya pili ilichomelea mabomba ya egzosi. Na ya tatu ilitengeneza fremu za viti vya matatu na mabasi. Wateja nao walikuwa wa aina mbili. Walikuwepo viwanda vya kuunganisha magari, vilivyoko Mombasa kwenyewe, Thika na Nairobi, ambavyo huletewa gari likiwa vipande na kununua baadhi ya vifaa hapa nchini; na yalikuwepo maduka ya spea, ya hapa pwani na yale ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi.

Masoko yote mawili yalikuwa yamebanwa kwa muda mrefu. Kenya huruhusu magari yaliyotumika kuingizwa nchini mradi hayajapita umri wa miaka 8, na mengi ya magari hayo hutoka Japani na kushushwa katika bandari hii hii iliyo jirani na kiwanda. Gari linaloshuka melini likiwa kamili ni gari ambalo halikuunganishwa hapa, na kwa hiyo halikumhitaji mtengenezaji wa vipuri wa hapa. Upande wa malori una historia ambayo mkazi wa Mombasa hahitaji kuhadithiwa. Reli ya SGR ilizinduliwa Mei 2017, treni za mizigo zikaanza 2018, na maagizo ya serikali ya kutaka makasha yasafirishwe kwa reli hadi Nairobi yakayaacha malori mengi yakiwa yameegeshwa, hadi watu wakawa wanaandamana kila Jumatatu mwaka 2019. Lori lililoegeshwa halivunji springi. Rais William Ruto aliagiza Septemba 2022 kwamba shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe Mombasa, lakini mwenye malori aliyekwisha kuyauza ili alipe deni la benki hakuweza kuyarudisha kwa agizo.

Kisha ikaja shida ya dola. Chuma cha kutengenezea springi hununuliwa nje, na Januari 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa imefikia karibu shilingi 160. Mwezi uliofuata Benki Kuu ya Kenya ikapandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13, na kampuni, ambayo kwa miaka ilikuwa ikinunua malighafi kwa mkopo wa muda mfupi, ikajikuta ikilipa zaidi kwa chuma na zaidi kwa fedha ya kununulia chuma hicho. Katikati ya hali hiyo mteja mkubwa kuliko wote akapunguza oda zake karibu kwa nusu.

Chama cha wafanyakazi kilijenga hoja yake ya kwanza juu ya shilingi. Kilisema kwamba sarafu ilianza kuimarika Februari ile ile, ikakaribia 130 kwa dola kufikia katikati ya mwaka, na kwa hiyo sababu iliyotajwa kwenye barua ilikuwa imeyeyuka hata kabla ya watu kutoka kazini. Hoja hiyo inavutia, lakini kwa maoni yangu ilikuwa dhaifu, na ilikipotezea chama muda mwingi. Dola iliongeza machungu tu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa oda, na oda hazikurudi shilingi iliporudi. Idara ya egzosi ilikuwa na mashine mbili zilizokaa miezi mitano bila kuwashwa. Hakuna msuluhishi atakayeamini kwamba mashine hizo zilizimwa ili kuwaonea wachomeleaji.

Sheria inadai nini

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inalishughulikia jambo hili katika kifungu cha 40. Mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi ambao ni wanachama wa chama anatakiwa kukiarifu chama hicho pamoja na afisa wa leba, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji anaoukusudia, si chini ya mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kuwaachisha. Asiye mwanachama huarifiwa yeye mwenyewe kwa maandishi, na afisa wa leba pia huarifiwa. Katika kuteua watakaoondoka, mwajiri lazima azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemewa kwa kila mfanyakazi katika kundi mahususi linaloguswa. Likizo ambazo hazikuchukuliwa hulipwa kwa fedha taslimu, notisi ya mwezi mmoja hutolewa au hulipwa, na juu yake huongezwa malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Wengi hudhani kwamba taarifa ya nia na notisi ya kuachishwa ni kitu kimoja. Mahakama ya Rufaa, katika uamuzi wa 2014 wa kesi iliyohusu Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa sekta ya ndege, ilizitenganisha hatua hizo. Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alieleza kwamba ule mwezi wa kwanza umewekwa ili pande mbili zikutane na kutafuta njia za kuepusha upunguzaji au kuupunguza makali, na akarejelea Mkataba nambari 158 wa Shirika la Kazi Duniani ingawa Kenya haikuwa imeuridhia. Kampuni ya kisa chetu ilituma barua kwa chama, kwa afisa wa leba na kwa wafanyakazi 38 siku moja, zote zikitaja tarehe ile ile ya mwisho wa kazi, siku 30 mbele. Kwa hesabu ya kalenda ilikuwa imetimiza mwezi. Kwa maana ya sheria ilikuwa imetoa notisi ya kuachisha bila kuwahi kutoa taarifa ya nia, kwa sababu nia ikishakuwa na majina 38 na tarehe huwa haina tena nafasi ya kuzungumziwa.

Jedwali la alama

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kizito, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Kampuni ilitoa kama ushahidi jedwali lililotengenezwa kwa kompyuta, lenye safu za jina, idara, mwaka wa kuajiriwa, ujuzi, uwezo, kutegemewa na jumla ya alama. Kwa kulitazama juu juu lilikuwa zuri: vile vigezo vinne vya sheria vilikuwamo, kila mtu alikuwa na alama zake, na mstari mwekundu ulikuwa umechorwa chini ya jina la mwisho lililosalia kazini.

Kasoro ya kwanza ilikuwa ya tarehe. Kwenye jalada hilo hilo kulikuwa na barua pepe ya mkuu wa fedha kwenda kwa afisa wa rasilimali watu, iliyoandikwa Jumatatu, ikiwa na majina 38. Waraka wa vigezo uliandikwa Alhamisi ya wiki hiyo. Majina 38 ya Jumatatu yalikuwa ndiyo majina 38 yaliyoangukia chini ya mstari mwekundu, bila hata mmoja kupanda au kushuka. Mtu anaweza kusema kwamba mkuu wa fedha anawajua watu wake vyema kiasi hicho. Mimi sikuamini, na mwakilishi wa kampuni mbele ya msuluhishi hakujaribu kulisema.

Kasoro ya pili ilikuwa katika safu ya kutegemewa. Alama zake zilihesabiwa kwa siku ambazo mtu hakuwepo kazini katika miezi 12, na aliyetengeneza fomula hakutenganisha kutoroka kazi na kukosa kazi kwa haki. Karani wa stoo aliyekuwa kwenye likizo ya uzazi ya miezi 3, ambayo sheria humpa mama kwa mshahara kamili, alihesabiwa kama mtu aliyekosa miezi 3, na akapata sifuri. Fundi wa mashine ya kukatia chuma aliyepondwa kidole akiwa kwenye zamu ya usiku alipewa mapumziko na daktari. Naye siku zake zilimshusha mpaka karibu na sifuri. Kwa maneno mengine, mashine ya kampuni ilimjeruhi, kisha jeraha likatumiwa kuonyesha kwamba yeye hategemeki. Sheria ya Ajira inakataza wazi kumwachisha mwanamke kazi kwa sababu inayotokana na ujauzito, na sioni ni njia gani iliyo fupi zaidi ya kuvunja katazo hilo kuliko fomula inayohesabu likizo ya uzazi kama utoro.

Kasoro ya tatu ilikuwa ya kuchanganya makundi. Sheria inazungumzia kundi mahususi linaloguswa, lakini jedwali liliwapanga watu wote wa kiwandani kwenye foleni moja, mchomeleaji wa egzosi akishindanishwa na mpaka rangi wa fremu na mwendesha foklifti. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: idara ya egzosi, ambayo ndiyo iliyokuwa imekosa kazi, ilipoteza watu 12 tu, na idara ya springi, ambayo hata katika hali mbaya ilikuwa ikifanya zamu mbili, ilipoteza 19. Wengine 7 walioachishwa walikuwa wa fremu za viti na wa ofisini. Kama kampuni ingeulizwa kwa nini nafasi za springi hazihitajiki tena, ingejibu nini?

Tena kulikuwa na wawakilishi wa chama. Kiwanda kilikuwa nao watano, na watatu kati yao walikuwa chini ya mstari. Sikuona ushahidi kwamba walilengwa, na mmoja wao kwa kweli alikuwa na barua mbili za onyo. Lakini mzigo wa kuthibitisha sababu ya kumwachisha mtu kazi umewekwa juu ya mwajiri, naye mwajiri aliyeandika majina kabla ya vigezo amejinyima kitu pekee ambacho kingeweza kumtetea.

Upande wa wafanyakazi nao ulikuwa na dhana yake ambayo haikuwa sahihi, nayo ni kwamba sheria inaamuru aliyeingia mwisho awe wa kwanza kutoka. Muda wa utumishi ni kigezo kimoja kati ya vinne. Mtu wa miaka 3 kazini mwenye cheti cha kuchomelea na rekodi safi anaweza kubaki, na wa miaka 9 kazini akaondoka, mradi ulinganishaji uwe wa haki na uandikwe kabla ya majina. Nimeiona dhana hii ikiwaharibia kesi watu ambao wangeshinda kwa hoja nyingine.

Mkutano wa kantini

Siku 4 baada ya barua kutoka, kampuni iliitisha mkutano kwenye kantini na kuuita mkutano wa mashauriano. Kumbukumbu zake zina kurasa mbili. Chama kilileta mapendekezo matatu: wiki ya siku 4 kwa miezi 6 na mshahara kupunguzwa kwa kadiri hiyo, nafasi ya kuondoka kwa hiari kwa waliokaribia kustaafu, na wachomeleaji wa egzosi kufundishwa kazi za springi mahali pa vibarua waliokuwa wakiitwa nyakati za oda kubwa. Chini ya mapendekezo hayo kumbukumbu zinanukuu jibu la meneja mkuu kwa sentensi moja: “Bodi imekwisha kuamua, tumekuja kuwaarifu.”

Sentensi hiyo iligharimu kampuni zaidi ya kasoro yoyote ya jedwali, kwa sababu iliandikwa na karani wa kampuni yenyewe na kutiwa sahihi na meneja mwenyewe. Sheria haimlazimishi mwajiri kukubali mapendekezo. Angeweza kuyapima, akaonyesha kwa hesabu kwamba wiki ya siku 4 haitoshi kuziba pengo, akayakataa, na akawa salama. Wiki ya siku 4 kwa hakika isingetosha, nimeipiga hesabu mwenyewe. Pendekezo la tatu ndilo lingeokoa nafasi nyingi, pengine 8 hadi 10, na hakuna mahali popote kwenye jalada panapoonyesha kwamba lilifikiriwa hata kwa nusu siku.

Afisa wa rasilimali watu, binti aliyekuwa na chini ya miaka 2 kazini, ndiye aliyetumwa kugawa barua. Msimamizi wa tanuri, mzee aliyekuwa na miaka 23 kiwandani, aliisoma yake akiwa amesimama, kisha akamwuliza kwa upole: “Mwanangu, mimi barua nimeipokea. Lakini hili tanuri mwamwachia nani?” Binti akamjibu, “Mzee wangu, hata mimi nimepewa tu nigawe.” Mazungumzo haya yamo kwenye maelezo ya mashahidi wawili, na nimeyaweka hapa kwa sababu swali la mzee lilikuwa la kiufundi kabisa, na lilihitaji jibu.

Tanuri

Springi ya lori hutengenezwa kwa chuma bapa kinachopashwa moto hadi nyuzi kama 850 hadi 900 za Selsiasi, kikapindwa kwa umbo linalotakiwa, kikazamishwa kwenye mafuta ili kipoe kwa ghafla na kuwa kigumu, kisha kikarudishwa kwenye joto la chini zaidi, nyuzi mia nne na kitu au zaidi kidogo, ili ugumu ule upungue na chuma kipate kunyumbuka. Hatua ya mwisho ndiyo yenye siri. Joto likipungua au muda ukiwa mfupi, springi hubaki ngumu na hupasuka. Joto likizidi, hulegea na lori huinama upande mmoja. Vipimajoto vya kiwanda vilikuwa vya zamani, na mzee pamoja na msaidizi wake, ambaye pia alikuwa kwenye orodha, walijua ni pembe ipi ya tanuri inayodanganya na ni kiasi gani cha kuongeza siku ya mvua.

Wote wawili walikuwa na alama za chini kwenye safu ya ujuzi, kwa sababu ujuzi ulipimwa kwa vyeti na wao hawakuwa navyo. Katika miezi miwili baada ya kuondoka kwao, springi zilizorudishwa na wateja kwa kupasuka karibu na tundu la bolti ya katikati ziliongezeka kiasi cha mteja mmoja mkubwa kusimamisha malipo. Gharama ya kubadilisha springi hizo na kulipa usafiri ilikaribia mishahara ya mwaka mzima ya watu hao wawili. Jambo hili halikuwa na uzito mkubwa mbele ya msuluhishi, ambaye kazi yake ni haki ya mfanyakazi na si ubora wa springi, lakini kwa mtu anayechambua uendeshaji wa kampuni ni kielelezo cha wazi cha jedwali lililopima kile kilichokuwa rahisi kupimwa.

Kulinganisha na nchi nyingine kuna hatari zake, kwa kuwa sheria na mifuko hutofautiana. Hata hivyo mwaka huo huo wa 2024, mwezi wa Julai, kampuni kubwa ya vipuri ya Ujerumani, ZF, ilitangaza kwamba ingepunguza kati ya nafasi 11,000 na 14,000 nchini humo hadi mwisho wa 2028. Ni idadi ya kutisha, na vyama vya wafanyakazi huko viliipinga vikali. Kinachofaa kuangaliwa ni muda: zaidi ya miaka 4, ambao huruhusu wanaostaafu waondoke wenyewe na anayejua kazi amfundishe anayebaki. Changamwe mzee wa tanuri alipewa siku 30, na katika siku hizo hakuna aliyetumwa kukaa naye.

Hesabu ya malipo

Ugomvi wa fedha ulikuwa mdogo kwa tarakimu lakini uliwaudhi watu kuliko yote. Tumchukulie mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 39,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka 11 na miezi 9. Miezi 9 haihesabiwi, kwa kuwa sheria husema mwaka uliokamilika. Kampuni iligawa mshahara kwa siku 30, ikapata shilingi 1,300 kwa siku, ikazidisha kwa siku 15 na kwa miaka 11, ikampa shilingi 214,500. Chama kiligawa kwa siku 26 za kazi, kikapata 1,500 kwa siku na jumla ya 247,500. Tofauti ni shilingi 33,000, ambayo kwa mtu anayepanga nyumba Mikindani na kulipa karo ni kitu.

Kifungu cha 40 hakisemi mgawanyo uwe kwa siku ngapi, na mkataba wa maelewano ya pamoja wa kiwanda hiki, ule unaofungwa kati ya kampuni na chama, haukusema pia. Lakini karatasi za mishahara zilionyesha kwamba mfanyakazi alipokosa kazi siku moja bila ruhusa, kampuni ilimkata mshahara kwa kugawa kwa 26. Ni vigumu kutetea siku inayogharimu shilingi 1,500 inapokatwa na shilingi 1,300 inapolipwa. Msuluhishi aliliona hilo mara moja.

Tena wengi walikuwa na mikopo ya sako na ya benki iliyokuwa ikikatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Barua hazikueleza mikopo ingefanywaje, na baadhi ya watu walijua kwamba fedha zao zimekwenda kwenye deni pale tu walipokwenda kuzitoa. Huenda makato yenyewe yalikuwa halali, ila ukimya huo ulikuwa ukosefu wa adabu.

Usuluhishi

Chama kiliripoti mgogoro kwa Wizara ya Leba kwa mujibu wa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, na msuluhishi akateuliwa. Sheria hiyo humpa siku 30 za kusuluhisha, ambazo pande mbili zinaweza kukubaliana kuziongeza, na hapa ziliongezwa mara moja. Kilichobadilisha mazungumzo kilikuwa picha. Mmoja wa walioachishwa alipita getini asubuhi na kuwaona watu wageni wakiingia na aproni za idara ya springi. Ilibainika kwamba kampuni ilikuwa imeingia mkataba na wakala wa kukodisha wafanyakazi, na watu 14 walikuwa wakifanya zamu ambazo wiki chache nyuma zilikuwa za watu waliopigwa kalamu, kwa ujira wa siku ulio chini zaidi na bila marupurupu.

Hadi siku hiyo mawakili wa kampuni walikuwa wakitetea jedwali. Baada yake walianza kuzungumzia kiasi. Walijua, kama anavyojua yeyote aliyewahi kufika katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, kwamba fidia ya kuachishwa kazi kinyume cha haki inaweza kufikia mishahara ya miezi 12, na kwamba nafasi iliyofutwa Machi na kujazwa Aprili ni vigumu kuiita nafasi iliyofutwa.

Makubaliano yaliyotiwa sahihi yalikuwa haya kwa ufupi. Wote 38 walihesabiwa upya kwa mgawanyo wa siku 26. Watu 9 ambao uteuzi wao haukuweza kutetewa, wakiwamo karani wa stoo, fundi aliyeumia kidole na wawakilishi wawili wa chama, walilipwa nyongeza ya mishahara ya miezi 5 au kurudishwa kazini kwa hiari yao, watatu walirudi. Mzee wa tanuri alikataa kurudi kama mwajiriwa na akakubali kufundisha kwa mkataba wa miezi 4, kwa malipo aliyoyataja yeye mwenyewe, na kampuni haikubishana naye. Watu 5 hawakukubali makubaliano, nao wamebaki na haki ya kwenda mahakamani ndani ya miaka 3. Kampuni pia ilikubali kuambatisha kwenye mkataba wa pamoja fomu ya kuteua majina, ambayo siku za likizo ya uzazi, ugonjwa wenye cheti cha daktari na ajali za kazini hazihesabiwi.

Kwa upande wangu naona chama kingeweza kupata zaidi kwa watu 19 wa idara ya springi, ambao hoja ya nafasi zao ilikuwa na nguvu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Viongozi waliamua kuwatetea wote 38 kama kundi moja, jambo linaloeleweka kisiasa ndani ya chama, lakini liliwafanya wachomeleaji wa egzosi, ambao idara yao kweli ilikuwa imekufa, wabebwe na hoja za wenzao, na wenzao wapunguziwe uzito wa hoja hizo.

Kipengele kilichobaki na utata ni cha kuitwa tena. Kampuni iliahidi kwamba kwa miezi 12 nafasi yoyote itakayofunguka itapewa kwanza walioachishwa. Nafasi mbili zilifunguka rasmi katika kipindi hicho, moja ikajazwa kutoka kwenye orodha na nyingine ikajazwa na mtu wa nje mwenye cheti cha umeme, ambacho hakuna aliyekuwa nacho. Wale 14 wa wakala waliendelea na kazi muda wote huo. Kampuni inasema hao si waajiriwa wake na kwamba ahadi haiwahusu. Chama kinajibu kwamba mashine ni za kampuni, zamu hupangwa na kampuni, msimamizi ni wa kampuni, na kwamba wakala hufika kiwandani siku ya malipo tu. Makubaliano hayakuwataja watu wa wakala, ingawa kila aliyekaa mezani alikuwa ameiona ile picha, na sasa suala lao limepelekwa kwenye mazungumzo ya mkataba mpya wa pamoja, ambako kampuni imeomba lijadiliwe mwishoni na chama kimeomba lijadiliwe kwanza.